Gobore Lenye Darubini

Mwaka 2016 jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani, lilianza kuwaruhusu wawindaji wa magobore kufunga darubini za kukuza juu ya silaha zao. Kufikia msimu wa 2024 likazikataza tena katika misimu ya gobore. Katikati ya miaka hiyo minane mengi yalitokea viwandani: silaha iliyojulikana kwa kuua karibu, mwindaji akiwa amejikunyata nyuma ya kichaka, ikawa inauzwa kwa sifa ya kuangusha mnyama mita mia tatu na zaidi. Baadhi ya wawindaji walifurahi. Wengine, wenye leseni zilezile na kofia zilezile za rangi ya machungwa, walisema hilo si gobore tena.

Msomaji wa kwetu ukimtajia gobore huenda anawaza bomba lililofuliwa na fundi wa kijijini, likafichwa darini, na siku polisi wakilipata linaanikwa mezani mbele ya waandishi wa habari. Huko Marekani gobore ni bidhaa ya dukani, lenye kitako cha mbao iliyong'arishwa au plastiki ngumu, na mwenye nalo hulipia kibali na kusubiri msimu. Mzozo wake unahusu kitu kingine kabisa: mtu anayekubali kuwinda kwa silaha dhaifu anaruhusiwa kuiongezea nguvu kiasi gani kabla hajavunja makubaliano yaliyompa nafasi ya kuwinda?

Kwanza silaha yenyewe. Gobore hushindiliwa kutoka mdomoni. Mwindaji humimina baruti mtutuni, huweka risasi juu yake, huisukuma kwa mdeki mpaka ikae sawasawa, kisha huweka fataki kwenye kifa. Ana nafasi moja. Kujaza upya humchukua nusu dakika mtu mwenye mikono myepesi, na dakika nzima au zaidi mtu anayetetemeka kwa baridi. Wakati huo moshi mweupe umetanda mbele yake, hajui kama kulungu ameanguka au ameshavuka mlima.

Gobore la kizamani la kipenyo cha nusu inchi hutupa risasi ya duara ya gramu 11 hivi, iliyozungushiwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 550 hivi kwa sekunde. Ila duara ni umbo baya la kupasua hewa. Ikifika mita mia, mwendo umeshuka karibu na ule wa sauti, na nguvu ya kugonga iliyobaki ni kama theluthi moja ya ile iliyotoka nayo. Ndiyo maana wazee wa kazi hii walikuwa na mpaka wao wa mita themanini, mia kwa aliye hodari, na hawakuhitaji sheria ya kuwaambia.

Udhaifu huo ndio uliozaa misimu ya gobore. Jimbo la Pennsylvania lilifungua msimu wake wa kulungu kwa bunduki za gumegume mwaka 1974, na mpaka leo msimu wa baada ya Krismasi ni wa gumegume tu: jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti iliyo wazi, na mvua ikinyesha baruti ikilowa unarudi nyumbani mikono mitupu. Majimbo mengine nayo yana misimu yao, kila moja kwa namna yake. Colorado huwapa wawindaji wa gobore siku tisa katikati ya Septemba, wakati elki, mnyama wa jamii ya kulungu anayemfikia farasi kwa ukubwa, wako kwenye joto la kujamiiana. Madume hulia mabondeni asubuhi na jioni, hujibu mlio wa kuigizwa, na humkaribia mtu hatua chache. Wenye bunduki za kawaida husubiri Oktoba, wanyama wakiwa wameshatulia na kujificha.

Hakuna aliyepewa Septemba bure. Wakala wa wanyamapori wa jimbo hutoa muda mzuri kwa sababu anajua silaha itapunguza idadi ya wanyama watakaokufa. Chukua mfano wa kubuni. Bonde moja lina elki madume 30 wanaoweza kuvunwa bila kuliumiza kundi. Ikiwa mwindaji mmoja kati ya watano hufanikiwa, wakala anaweza kutoa vibali 150. Ufanisi ukipanda hadi wawili kati ya watano, vibali vinakuwa 75. Watu 75 wamebaki nje, na wanyama ni walewale 30. Katika maeneo yanayogombaniwa sana huko magharibi vibali hupatikana kwa bahati nasibu, na mtu huweza kuomba zaidi ya miaka kumi akilimbikiza pointi kabla jina lake halijatoka. Mwenye darubini aliyeua kwa mita 350 hajavunja sheria yoyote, lakini ameusogeza mbele mwaka wa mtu asiyemjua.

Silaha ilivyobadilika

Mabadiliko hayakuja kwa mkupuo. Mwaka 1985 fundi wa bunduki wa Missouri, Tony Knight, alitoa gobore aliloliita MK-85. Badala ya fataki kukaa ubavuni na moto kupita kona kabla ya kuikuta baruti, aliiweka nyuma kabisa, kwenye mstari mmoja na mtutu. Moto ukaenda moja kwa moja. Gobore likaacha kugoma kwenye unyevu, na likaanza kufanana na bunduki ya kawaida kwa sura na kwa mshiko. Baruti za kubuniwa, zisizochafua sana mtutu, zilikuwa zimeanza kuingia sokoni tangu miaka ya 1970. Risasi ndefu zenye ncha zikavishwa ala ya plastiki iliyozikamata kwenye mtutu mpana na kuziachia zikitoka. Fataki kubwa za bunduki za marisau, zenye moto mkali zaidi, zikachukua nafasi ya zile ndogo. Mwaka 2008 ikaja baruti iitwayo Blackhorn 209, ambayo haili chuma na inaacha uchafu mdogo kiasi kwamba mtu anapiga mara kadhaa bila kusafisha.

Kampuni ya Savage ilikuwa imekwenda mbali zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa gobore linalotumia baruti isiyo na moshi, ileile ya bunduki za kisasa. (Asidanganyike mtu: baruti hiyo ikitiwa katika gobore la kawaida hupasua mtutu, na vidole huenda nao.) Mwaka 2019 kampuni ya CVA ikatoa gobore la Paramount, lililotengenezwa makusudi kwa masafa marefu. Mwaka 2020 kampuni ya Federal ikaleta FireStick, kichupa cha plastiki chenye baruti iliyopimwa kiwandani, kinachoingizwa kwa nyuma. Risasi peke yake ndiyo inayopitia mdomoni. Baadhi ya majimbo yamekubali hilo ni gobore, mengine yamekataa.

Ongeza juu ya hayo kipimo cha umbali cha leza na darubini yenye gurudumu la kurekebisha mlengo, na una silaha inayorusha risasi ya gramu 19 kwa mita 700 kwa sekunde, huku mpigaji akijua umbali mpaka mita ya mwisho. Kichekesho ni kwamba Sheria ya Kudhibiti Silaha ya 1968 huyahesabu magobore mengi kuwa silaha za kale, hata yaliyotoka kiwandani mwezi uliopita, mradi hayawezi kugeuzwa kirahisi yatumie risasi za kawaida. Kwa sheria ya shirikisho mtu anaweza kuagiza moja likamfikia kwa posta bila ukaguzi anaofanyiwa mnunuzi wa bunduki ya kawaida.

Hoja ya mila haisimami peke yake

Wapinzani wa teknolojia hupenda kuanza na mababu. Gobore, wanasema, ni silaha ya msituni, ya umbali mfupi, na aliyetaka masafa angenunua bunduki nyingine. Nawaelewa, lakini historia haiwatetei kama wanavyodhani. Mnamo Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor, Long Island, timu ya Ireland ilishindana na ya Marekani kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914. Waamerika walitumia bunduki za kujazwa nyuma. Waairishi walitumia za kushindiliwa kutoka mdomoni, kazi ya fundi Rigby wa Dublin. Marekani ilishinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Miaka kumi kabla ya hapo, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali John Sedgwick wa Kaskazini aliuawa Spotsylvania, Virginia, na mdunguaji aliyekuwa mbali, muda mfupi baada ya kuwatania askari wake kwamba maadui wasingeweza kumpiga hata tembo kwa umbali ule. Wadunguaji bora wa Kusini wa wakati huo walitumia bunduki za Whitworth, nazo zikishindiliwa kutoka mdomoni, na baadhi zikiwa na darubini.

Kwa hiyo masafa marefu na darubini si uzushi wa juzi. Anayesema "babu hakufanya hivi" atajibiwa kwamba babu wa mtu alifanya. Ila Creedmoor walikuwa wakipiga shabaha, na shabaha haina utumbo. Ukiikosa kwa sentimita ishirini unapoteza alama. Ukimkosa kulungu kwa sentimita ishirini umempasua tumbo, na atakufa kesho kutwa kwenye korongo usilolijua. Hapo ndipo mjadala wenye maana unapoanza, na huko mababu hawatusaidii.

Deni kwa mnyama

Watetezi wa darubini wana hoja nzito, na ni haki isikilizwe kabla ya kupingwa. Mtu wa miaka sitini, machozi ya baridi machoni, akilenga kwa alama mbili za chuma juu ya mtutu, anaona kulungu wa mita tisini kama doa la kahawia. Alama ya mbele ya bunduki inaziba nusu ya mnyama. Darubini humwonyesha bega, mbavu, na kijiti kilichokatiza mbele ya mbavu. Mnyama yuleyule, umbali uleule, anakufa kwa sekunde chache badala ya kutangatanga siku mbili. Kama maadili ya uwindaji ni kumpunguzia mnyama mateso, wanauliza, iweje chombo kinachopunguza mateso ndicho kikatazwe?

Kwa mita tisini sina jibu la kuwapinga. Shida ni kwamba darubini haibaki kwenye mita tisini. Aliyezoea kumwona mnyama vizuri kwa mbali huanza kumpiga kwa mbali. Ndiyo tabia yetu binadamu kwa kila chombo. Na huko mbali kuna mambo ambayo hakuna kioo kinachoyarekebisha. Risasi ya gobore jipya huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita mia tatu na hamsini. Kulungu anayetembea polepole, mita moja na nusu kwa sekunde, atakuwa amesogea karibu mita moja. Sehemu ya moyo na mapafu ina upana wa sentimita ishirini na kitu. Mpigaji alilenga bega. Mnyama akapiga hatua moja kufuata jani. Risasi ikatua kwenye matumbo. Hakuna aliyekosea hesabu. Upepo nao: ule mwepesi wa kilomita 16 kwa saa, unaotikisa majani tu, huisogeza risasi kama hiyo kwa takriban nusu mita ifikapo umbali huo, na bondeni unaweza kuvuma upande huu pale ulipo na upande mwingine pale alipo mnyama.

Halafu nafasi ni ile moja. Mwenye bunduki ya kawaida akijeruhi hupiga tena ndani ya sekunde mbili, na hilo ni wajibu wake. Mwenye gobore anashika mdeki. Na hata mnyama akiwa amepigwa vizuri, mwindaji lazima avuke bonde zima kutafuta mahali aliposimama, akiwa na alama ya mti mmoja tu kichwani, na akifika huko miti yote inafanana. Wawindaji wanaofuata damu wanajua kwamba kazi huwa ngumu zaidi pale unapoanzia mahali pasipo penyewe. Kwa mtazamo wangu hili la kushindwa kumpata linastahili uzito kuliko mabishano yote ya kasi na baruti, na ndilo linalotajwa kidogo katika matangazo.

Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, imekataa kutaja idadi ya mita. Wao huangalia nia. Mtu anayepiga kwa mbali ili ajue silaha yake inafika wapi, bila kujitia katika hatari ya mnyama kumnusa au kumwona, kwao hawindi. Ni kigezo kizuri kwa mazungumzo ya kambini usiku. Kwa askari wa wanyamapori hakina faida, kwa sababu nia haikaguliki.

Mistari ya majimbo

Askari huyo anaweza kukagua chuma. Ndiyo maana sheria zote zinazotafuta kulinda umbali zinaishia kwenye vifaa. Idaho, katika misimu yake ya gobore pekee, ni kali kuliko wengi: baruti ya kumimina, si vidonge vilivyopimwa, risasi ya madini ya risasi tupu, bila ala ya plastiki, mtambo unaonekana na fataki iko wazi kwa mvua, fataki za bunduki za marisau haziruhusiwi, kulenga ni kwa alama za chuma. Jimbo hilohilo limezuia, hata kwa bunduki za kawaida, silaha inayozidi paundi 16, yaani kilo saba na kidogo, pamoja na vifaa vya umeme vilivyofungwa juu yake, ili kuwabana wanaobeba mizinga ya kupigia kutoka mlima hadi mlima. Colorado imekuwa ikikubali gobore la mstari mmoja, kama lile la Knight, lakini kwa miaka mingi imekataza darubini, ala za plastiki na vidonge. Utah, kama tulivyoona, ilijaribu uhuru ikarudi nyuma.

Mashariki hali ni tofauti, na anayeipeleka sheria ya Idaho huko amepotea njia. Kulungu wa mkia mweupe walikuwa chini ya milioni moja nchini humo mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo hukadiriwa kufikia milioni 30 hivi. Wanakula bustani, wanagongwa na magari, wanamaliza miche ya msituni. Katika majimbo mengi ya huko wakala angependa wauawe zaidi. Vibali havigombaniwi, hakuna mtu anayesubiri miaka kumi, na msitu mnene wenyewe unazuia kupiga mbali. Darubini kwenye gobore huko haimnyang'anyi mtu kitu. Kinachobaki ni deni kwa mnyama, na kwa umbali wa miti ile darubini inalilipa vizuri.

Ndiyo sababu nadhani wanaobishana hupishana bila kukutana. Mmoja anazungumzia mateso ya mnyama, mwenzake anazungumzia haki kati ya wawindaji, na wote wawili wanaita jambo lao maadili. Aldo Leopold, mwanaikolojia wa Wisconsin aliyefariki mwaka 1948, aliwahi kueleza kwamba mwindaji hana watazamaji wa kumpigia makofi au kumzomea. Dhamiri yake ndiyo refa. Ni kweli kwa risasi ya mwisho. Si kweli kwa msimu. Msimu una mashahidi: ni watu wote waliokosa kibali.

Nikiulizwa, nitasema Utah ilirekebisha kosa, na kwamba ingekuwa hivyo hata kama darubini zisingejeruhi mnyama hata mmoja zaidi. Aliyeomba msimu wa Septemba aliomba pamoja na udhaifu wa silaha yake. Akitaka kupiga mita mia nne kuna msimu wa bunduki, baruti ni ileile ya dukani na elki ni walewale, na hakuna anayemzuia. Kuchukua muda mzuri wa silaha dhaifu pamoja na nguvu ya silaha kali ni kula pande mbili.

Gharama ya msimamo huo anaibeba mzee niliyemtaja, mwenye macho yaliyochoka, ambaye hakuwa na mpango wa kupiga mita mia nne. Majimbo kadhaa yana njia ya kumsaidia: cheti cha daktari wa macho humpatia kibali cha kutumia darubini ambayo wengine hawaruhusiwi, na mengine huruhusu vioo visivyokuza, vyenye nukta nyekundu tu. Hivyo visivyokuza naona ndivyo vyenye akili zaidi, kwa sababu vinasaidia jicho kulenga bila kumleta karibu mnyama aliye mbali. Wapo watakaosema hata hiyo nukta ni betri, na betri haina nafasi juu ya gobore. Hao waendelee na gumegume zao za Pennsylvania katika theluji ya Januari. Msimu wao upo, na hauna foleni.